Skafu ya msuko imekuwa ngumu kama mkanda: namba 8 si namba 8

Dada mmoja wa Malindi ameniuliza, nalifupisha swali lake: "Shangazi, asalaam aleikum. Mdogo wangu kapata kazi Limuru na kila akipiga simu ni baridi baridi, nataka nimfumie skafu ya msuko kabla ya mwezi wa saba. Kufuma kawaida najua. Nimefuata video ya mama mmoja wa Marekani, kasema sindano namba 8, vitanzi 32, misuko mitatu, nikanunua namba 8 Mombasa na uzi juu. Yake imetoka pana na laini, yangu haifiki hata sentimita 12, ngumu kama mkanda, pembeni inajikunja kama mrija, na misuko mingine inalala kushoto mingine kulia. Nimeshafumua mara tatu. Mkono wangu una nini?"

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa kufumua mara tatu, najua roho inavyouma ukivuta uzi ukaona kazi ya jioni nzima inarudi kuwa donge. Lakini mkono wako hauna kitu. Soma tena swali lako, umeandika "namba 8" mara mbili ukidhani ni kitu kimoja, kumbe 8 ya yule mama na 8 uliyonunua Mombasa ni sindano mbili mbali mbali kabisa.

Sindano zinazouzwa huku kwetu nyingi bado zinafuata namba za Kiingereza za zamani, na hesabu yake inaenda kinyumenyume, yaani namba ikipanda sindano inakonda, ndo maana namba 10 tunafumia nguo za watoto wachanga. Wamarekani wao namba ikipanda sindano inanenepa. Sasa 8 ya dukani kwetu ni milimita 4, na 8 ya yule mama ni milimita 5. Utasema milimita 1 ni nini, lakini hiyo milimita iko ndani ya kila kitanzi, vitanzi 32 kwa mstari, mamia ya mistari, mwisho wake ndo huo mkanda ulioshika mkononi.

Mimi mwenyewe haya sikufundishwa. Mwalimu wetu wa sayansikimu alikuwa anasema tu leteni namba 8, leteni namba 10, basi. Nikaja kujua siku mgeni mmoja aliyekuja kutembea Lamu aliponiachia jozi ya sindano zake zimeandikwa 6, nikafurahi wee, manake 6 yetu ni nene, milimita 5, nikasema sasa nimepata za kufumia shali. Nafuma nafuma naona shali haitanuki, nikamlaumu muuza uzi, nikajilaumu mwenyewe, kumbe 6 yao wao ni milimita 4 tu. Tangu siku hiyo namba siiamini, naamini milimita peke yake.

Na milimita huhitaji kifaa cha kupimia. Chukua zile sindano zako mbili uzilaze bega kwa bega juu ya rula ya mtoto wa shule, zishikane vizuri, upime upana wa zote mbili pamoja pale katikati, usipime kwenye ncha. Zikishika milimita 8 basi kila moja ni 4, zikishika 9 kila moja ni 4.5, zikishika sentimita nzima hizo ni 5. Kwa kazi yako mimi nataka uwe na 4.5, na hapa una bahati, manake kuna namba moja tu ambapo Mwingereza na Mmarekani wanakutana njiani nayo ni 7. Namba 7 ya huku ni 4.5 na ya kule ni 4.5. Hata ukimtuma mtu dukani atakuletea hiyo hiyo.

Alafu kuna uzi. Hukuniambia umenunua gani lakini maduka ya Mombasa mara nyingi ni ile akriliki ya dabo niti (uzi wa unene wa wastani), na kama ndo hiyo basi nayo imechangia. Yule mama kwa sindano ya milimita 5 bila shaka ameshika uzi mnene zaidi, ule ambao vitanzi 18 hivi vinajaza sentimita 10. Dabo niti kwa sindano ya milimita 4 inataka vitanzi 22 kujaza hizo hizo 10. Piga hesabu, vitanzi 32 kwa dabo niti ni sentimita 14 na nusu, na hapo hujasuka bado. Ukishasuka zinapungua tena. Hizo 12 zako si uchawi.

Hapo kwa kupungua ndo nataka tukae kidogo, sababu ndo kitu watu wengi hawaambiwi.

Wewe ni mtu wa pwani, ukili umeuona ukisukwa. Chukua miyaa yako uitandaze chini ubavu kwa ubavu, upime upana wake, alafu isuke iwe ukili, upime tena. Umepungua, si ndo? Miyaa haijaenda popote ila sasa inapandana, moja juu ya nyingine, na ule upana umegeuka kuwa unene. Msuko wa skafu ni vile vile. Unachukua vitanzi 3 unavivusha juu ya wenzake 3, kwaiyo mahali palipokuwa na vitanzi 6 vimelala ubavu sasa vingine vimepanda mgongoni mwa vingine. Mimi kwa mkono wangu msuko wa vitanzi 6 naukadiria unakaa nafasi ya vitanzi 4 hivi. Misuko minne kwa hivo imekula vitanzi 8, karibu sentimita 4 nzima. Usipoziweka mapema hizo sentimita utazilia mwisho.

Faida yake ni kwamba ule unene ndo joto lenyewe. Skafu ya msuko inapita ya kawaida kwa baridi sababu kitambaa ni kama mara mbili na katikati kuna hewa. Kwaiyo usiuchukie msuko kwa kula upana, ulipe tu deni lake mwanzo.

Kujikunja pembeni. Kitambaa kilichofumwa pleni tupu (kitanzi cha kawaida, kinachotoa V) upande wa uso na palo tupu (kinyume chake, kinachotoa kifundo) upande wa mgongo (naita uso ule upande wa kuonekana, mgongo ule wa ndani, ili tusichanganye na mbele na nyuma nitakazotumia baadaye) hakilali hata ukikibembeleza, pembeni kinakimbilia mgongoni, juu na chini kinajikunja kuja usoni. Ndo tabia yake, na kuloweka au kulalia mto juu hakuitibu, kesho inarudi. Dawa ni kuweka pindo la pleni, vitanzi 4 kila upande, ambavyo unavifuma pleni uwe usoni uwe mgongoni, pleni tu siku zote. Hapo pleni na palo zinapokezana mstari kwa mstari zinavutana sawa, kitambaa kinatulia. Na katikati ya msuko na msuko weka mfereji wa palo 2, huo ndo unaofanya msuko usimame uonekane, bila mfereji msuko unazama kama jahazi lililokwama matopeni.

Sasa skafu yenyewe, naandika vile ninavyofuma mimi. Ni misuko minne, dabo niti, sindano ya milimita 4.5, itatoka kama sentimita 17 na hiyo inatosha shingo ya mwanamume. Ukitaka misuko mitatu au mitano kanuni ni moja, idadi ya misuko mara 8 jumlisha 10. Minne ni 42. Mitatu 34. Mitano 50.

Lakini kabla ya yote fuma kipande cha misuko miwili, vitanzi 26, mistari 24, ukipime. Najua hutaki. Mimi pia sitaki, hakuna anayependa kufuma kitu cha kutupa, lakini umeshafumua mara tatu sasa niambie kipi kinakula muda zaidi. Na kipande hakitupwi, hapa kwangu vinawekwa chini ya sufuria.

Anzisha vitanzi 34, si 42. Hii ni siri ya mafundi, manake ukianzisha 42 moja kwa moja pale chini hapajasukwa kitu hapajapungua, kwaiyo skafu inakuwa na pindo lililotanuka kama mkia wa samaki. Anzisha 34, uanzishe kwa ulegevu, fuma mistari 5 yote pleni. Mstari wa 6, ambao uko mgongoni, ndo wa kuongeza: pleni 6, alafu hapa kwenye nafasi ya msuko una vitanzi 4 na unataka viwe 6, basi palo 1, ongeza 1, palo 2, ongeza 1, palo 1, kisha pleni 2, rudia hivo kwa misuko yote minne, na umalizie pleni 4 za pindo. Kuongeza ni kuinua ule uzi uliolala katikati ya kitanzi na kitanzi, uuweke kwenye sindano ya kushoto na uufume palo ukiwa umeupinda, usipoupinda utaacha kitobo. Hesabu sasa, lazima iwe 42. Kama ni 41 usiseme ntarekebisha mbele, rekebisha hapo hapo.

Kuanzia hapo ni mistari 8 inayojirudia.

Mstari wa 1, uso: pleni 4, palo 2, alafu pleni 6 palo 2 mara nne, pleni 4.
Mstari wa 2, mgongo: pleni 6, alafu palo 6 pleni 2 mara nne, pleni 4.
Wa 3 na wa 5 kama wa 1, wa 4 na wa 6 kama wa 2.
Mstari wa 7, uso: pleni 4, palo 2, alafu suka 6 palo 2 mara nne, pleni 4.
Mstari wa 8 kama wa 2.

Ukishazoea hutasoma tena, utakuwa unaangalia tu kitambaa, ukiona alama ya V inakutazama unafuma pleni, ukiona kile kifundo kama punje ya mtama unafuma palo, isipokuwa zile 4 za pindo ambazo ni pleni daima.

Na kusuka kwenyewe ndo huku. Umefika kwenye vile vitanzi 6. Chukua kijiti chako cha tatu (nitakuambia chini kinapatikana vipi), chomoa vitanzi 3 vya kwanza kutoka sindano ya kushoto bila kuvifuma, uvihamishie kwenye kijiti, kijiti kiache kining'inie mbele, na mbele manake upande wa kifua chako. Sasa sindano ya kulia iruke iende kwenye kitanzi cha nne, na hapa utasikia uzi unakaza, kitanzi hakitaki kuja, kivute tu taratibu ukifume pleni, cha tano pleni, cha sita pleni. Rudi kwenye kijiti, vifume vile 3 vilivyokuwa vinangoja, pleni pleni pleni, kwa mpangilio wao ule ule, usivigeuze. Vuta uzi wa kitanzi cha kwanza cha palo kinachofuata, hapo ndo tundu hupenda kutokea. Basi. Tazama sasa, vitanzi vitatu vimepita juu ya vitatu kama nyuzi mbili za kamba ya usumba zinapokunjana, ndo maana huko ulikotoka mtindo huu jina lake linatokana na kamba.

Kijiti kikining'inia mbele msuko unalala kushoto. Kikining'inia nyuma msuko unalala kulia. Hiyo ndo sababu ya misuko yako kukataa kupatana, jana ulishika mbele, leo ukashika nyuma, na si dhambi manake kwa mkono unahisi sawa tu. Chagua moja uishike skafu nzima. Au kama unataka urembo, miwili ya kulia uisuke mbele, miwili ya kushoto uisuke nyuma, itatazamana kama milango miwili ya ubao, lakini hiyo fanya ukiwa na usingizi wa kutosha.

Kijiti usihangaike kununua. Kijiti cha mshikaki kinatosha, kile cha mwanzi, kikate urefu wa kidole cha kati, ncha zote mbili zisugue na msasa laini mpaka ukipitisha kwenye shavu hakikwaruzi. Nimeona watu wanatumia spoku ya baiskeli nayo ni nzuri ila inateleza, ukiinama kuchukua chai vitanzi vimeanguka. Kijiti cha ufagio hapana, kina nyuzinyuzi kinashika uzi.

Kuhesabu mistari, sasa hapa kila mtu na ujanja wake. Mimi nina komwe 8 za bao kwenye kikombe cha kahawa, kila nikimaliza mstari natoa moja naweka kwenye kisahani, ikibaki 1 kwenye kikombe najua nimemaliza wa 7 lazima niwe nimesuka. Zamani nilikuwa naandika kwenye karatasi, watoto wanachukua wanachorea. Komwe hawachukui, sijui kwanini. Na ukipotea kabisa, laza kazi mezani, tafuta pale palipopandana mara ya mwisho, hesabu V zilizo juu yake kwenye msuko. Na kumbuka kusuka ni usoni tu, mistari ya witiri, ukijikuta unataka kusuka na mgongo unakutazama ujue umeruka mstari.

Kuna wanaosuka kila mistari 6, msuko unakuwa mfupi umekaza, kamba kweli kweli, mzuri kwa sweta. Kwa skafu mimi nasema 8, shingo haipendi kitu kigumu.

Ukikosea, na utakosea, usifumue yote tena tafadhali. Tuseme umefika juu ukaona msuko mmoja chini huko mistari 6 nyuma umelala upande mbaya. Fuma mpaka ufike juu ya huo msuko, alafu chomoa sindano kwenye vitanzi 6 vya huo msuko peke yake, uviache vianguke, uvifumue kwenda chini mpaka pale pa kosa. Utaona ngazi ya nyuzi iko wazi na moyo utapiga, usijali. Vivushe upya upande sahihi, alafu kwa sindano ya kroshia panda ngazi moja moja, kitanzi kwa kitanzi, mpaka juu. Wengine 36 hawajaguswa. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na jasho, ya pili dakika 20.

Na kuhusu makosa, kuna hadithi utaikuta kila mahali kwamba sweta za misuko za visiwa vya Aran kule Ayalandi kila ukoo ulikuwa na msuko wake, ili mvuvi akizama mwili ukitupwa pwani ajulikane ni wa nani. Sisi watu wa visiwa tunaipokea haraka hadithi kama hiyo, lakini si kweli, sweta zenyewe zile ni za mwanzo wa karne ya 20, na hadithi inaonekana imezalika kwenye tamthilia moja ya kule ya mwaka 1904. Na ndani ya tamthilia yenyewe hakuna hata msuko. Dada mmoja anaitambua soksi ya kaka yake aliyezama, soksi ya kawaida, kwa sababu aliifuma yeye na anakumbuka alianzisha vitanzi 60 akaangusha 4. Kosa lake mwenyewe ndo lilimwambia. Nikisikia hiyo huwa naacha kosa dogo dogo likae. Msuko uliolala vibaya hapana, huo rekebisha.

Uzi nunua gramu 200 kwa pamoja, siku moja, duka moja, na uangalie kwenye lebo namba ya rangi zifanane zote, manake nyeusi ya leo na nyeusi ya mwezi ujao kwenye jua si nyeusi moja. Kama mdogo wako ngozi yake haiwashwi ungeweza kumpa sufu ya kondoo, huko Nanyuki wapo wanaosokota kwa mkono, joto lake akriliki haifikii. Ila bei, na ina harufu ya kondoo mpaka uifue. Kondoo wetu wa huku usiwaangalie, wale wana manyoya kama mbuzi, hakuna cha kusokota pale.

Muda. Skafu ya sentimita 150 ni mistari kama 390, yaani zile duru za mistari 8 zipatazo 49. Ukifanya duru mbili kila usiku ni siku 25. Nasema usiku makusudi, manake mchana wa Malindi na wa Lamu mkono unatoa jasho, na akriliki kwenye jasho inang'ang'ania sindano inapiga kelele kama panya, unavuta, unakaza, na ukikaza hata sindano ya 4.5 inafuma kama ya 4. Mimi hukaa dakani baada ya isha, upepo umeingia, beseni la maji na taulo kando, nikihisi uzi unakwama nanawa. Kama una sindano za chuma zifute na uzifunge kwenye kitambaa kikavu, hewa ya bahari inazila kutu na kutu kwenye uzi mweupe haitoki.

Ukifika mwisho maliza kwenye mstari wa 4 au wa 6, usimalize pale pale ulipotoka kusuka. Mstari wa uso unaofuata ndo wa kupunguza: pindo na mifereji yote ifume pleni, na kwenye kila msuko pleni 1, mbili pamoja, mbili pamoja, pleni 1, unarudi 34. Mistari 5 ya pleni tena, funga kwa ulegevu. Ukifunga kwa kukaza, ncha moja itakuwa nyembamba kuliko nyingine na mdogo wako ataiona hata kama hatasema.

Kufua na kulaza ndo mahali nilipoharibu skafu yangu ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimemfumia mume wangu, misuko mitatu, rangi ya bluu ya bahari, nimekaa nayo karibu miezi miwili. Nikataka itoke imenyooka siku ya Idi nikaipiga pasi. Akriliki mwanangu haipigwi pasi. Ilitoa mvuke, nikainua pasi, misuko yote imelala chini kama mkeka uliokanyagwa, inang'aa ng'aa, na haikurudi tena maisha. Aliivaa hivo hivo, Mungu amlipe. Akriliki ifue kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, ilaze kwenye mkeka kivulini, inyooshe kwa vidole pindo lisimame sawa, iache. Sufu unailoweka dakika 20 maji ya uvuguvugu, unaikamua vile vile kwa taulo, unailaza na kuibana kwa pini kando kando mpaka ikauke, yenyewe inakumbuka ulivyoilaza. Kuanika kwenye kamba hapana kwa zote mbili, zitarefuka utampelekea mdogo wako kilemba.

Kitu kimoja hukuuliza ila utakiona ukimaliza: mgongo wa skafu hii hauna msuko, una mistari tu, na skafu shingoni inageuka geuka. Mimi hainisumbui. Ikikusumbua, ya pili fuma msuko wa vitanzi 12 badala ya 6, pleni 1 palo 1 pleni 1 palo 1 mpaka mwisho wa hivo 12, na ukisuka unavusha 6 juu ya 6 ukiendelea na pleni palo ile ile, pande zote mbili zitaonyesha msuko. Lakini ya kwanza usianze na hiyo.

Kile kipande cha vitanzi 26 kikiwa tayari kilaze mezani bila kukivuta, pima upana katikati, uniandikie sentimita ngapi na uzi wako lebo inasemaje. Kikitoka chini ya 10 usianzishe bado, ningoje nikupe hesabu mpya.